Lini umwambie mwajiri kwamba una mimba: namna ya kuichagua siku

Mimba yangu ya kwanza, mtu wa kwanza kuijua kazini hakuwa bosi wala rafiki niliyekuwa nakaa naye meza moja. Alikuwa dada wa usafi. Kila asubuhi nilikuwa nikiingia chooni, nafungulia bomba mpaka mwisho ili watu wasisikie nikitapika, nanawa uso, narudi mezani kama kawaida. Siku ya nne nikamkuta amesimama mlangoni na ndoo yake. Akanipa karatasi ya kujifutia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ya wiki ngapi hiyo?" Nami nilikuwa nadhani nina siri.

Baadaye nilihamia idara ya utumishi, nikawa mimi ndiye ninayeletewa habari hizo. Nimeona zikiletwa mapema, nimeona zikichelewa, na mara nyingi nimeona zikiletwa na mtu asiyehusika kabisa. Ndiyo maana ule ushauri wa "subiri miezi mitatu ndipo useme" siufuati kichwa kichwa. Unafaa kwa ndugu na majirani. Kazini, siku ya kusema inatafutwa kwa kalenda. Kuna tarehe kadhaa ambazo zikifika mwajiri hana budi kujua: nyingine ni za afya yako, nyingine za sheria, nyingine ni za tumbo lenyewe kuonekana. Inayotangulia kuliko zote ndiyo inayokuamulia. Siku zote zilizo kabla ya hiyo ni zako, na huna deni la kumweleza mtu.

Chukua kalenda na kalamu.

Hatua ya 1: Jua uko wiki ya ngapi

Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku ya kutunga. Kwa hiyo siku unayogundua hedhi imechelewa, kwa hesabu ya kliniki tayari una wiki 4 hivi. Jumla ni wiki 40, yaani siku 280. Njia ya haraka: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha nyuma miezi 3. Tuseme ilikuwa 10 Machi. Tarehe ya kutarajia kujifungua inakuwa 17 Desemba, wiki 12 zinatimia 2 Juni, na wiki 20 zinatimia 28 Julai. Kama mzunguko wako haueleweki, ultrasaundi ya mapema itairekebisha hesabu.

Tutakwenda na mfano huu wa 10 Machi mpaka mwisho. Wewe andika tarehe zako pembeni.

Hatua ya 2: Angalia kazi yako inagusa nini

Hapa ndipo miezi mitatu inapoweza kuumiza. Viungo vya mtoto huumbika zaidi kati ya wiki ya 5 na ya 10. Mrija wa neva, ambao ndio huja kuwa ubongo na uti wa mgongo, huwa umeshafunga karibu na mwisho wa wiki ya 6. Mwanamke anayeshika kemikali kali na kusubiri wiki ya 12 ndipo aseme, atakuwa amesubiri mpaka sehemu kubwa ya hatari imepita, nayo imepita akiwa ndani yake.

Kwa hiyo jiulize bila kujidanganya. Je, unafanya kazi kwenye mionzi? Unachanganya dawa za saratani? Upo chumba cha upasuaji ambako gesi za nusu kaputi huvuja? Unashika madini ya risasi, kama kwenye viwanda vya betri na kuyeyusha vyuma? Zebaki, viyeyusho vya rangi, dawa za kuulia wadudu? Unalea watoto wadogo, ambao huleta rubela na virusi vingine vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni? Kisha yapo yasiyo na harufu wala alama ya fuvu: kunyanyua mizigo mizito kutwa, kusimama zamu nzima bila kukaa, joto kali, zamu za usiku zinazofuatana.

Kama jibu ni ndiyo kwa mojawapo ya yale ya mwanzo, usisubiri. Sema wiki hiyohiyo uliyopima, hata kama mama yako hajajua. Kwenye mionzi, kwa mfano, ulinzi maalumu kwa kawaida huanza pale mfanyakazi anapotoa taarifa. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inapendekeza kwamba tangu siku hiyo mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya kama milisiviti 1, yaani kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, kwa muda wote wa mimba uliobaki. Ulinganishe: mionzi ya asili tu, ile ya ardhini, hewani na angani, humpa binadamu wa kawaida wastani wa milisiviti 2.4 kwa mwaka. Kwa mjamzito huongezwa kipima mionzi kingine cha kuvaa usawa wa tumbo, ndani ya aproni ya risasi. Hakuna atakayekuletea kifaa hicho kama hajui kwamba unakihitaji.

Kama huna uhakika, ipo njia ya kuchunguza bila kujifichua. Mfanyakazi yeyote anaweza kuomba karatasi za usalama za kemikali anazotumia, ni jambo la kawaida. Ziombe, zisome sehemu inayohusu uzazi na mimba, mpelekee daktari wako. Ukishaelezwa kwamba kuna tatizo, ndipo umwambie mtu mmoja mwenye uwezo wa kukuhamisha. Si idara nzima. Mmoja.

Najua wapo wanaoleta cheti kisemacho "sababu za kiafya" bila kutaja mimba. Kinaweza kukuhamisha kwenye mashine kwa wiki mbili tatu, lakini kumbuka ulinzi wa sheria ni wa mjamzito, na karatasi hiyo haisemi kwamba wewe ni mjamzito.

Kama kazi yako ni ya meza, kompyuta na simu, hatua hii imekupita. Endelea.

Hatua ya 3: Usikilize mwili

Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, na kwa wengi hupungua sana ikifika wiki ya 16. Katikati hapo kuna wiki kumi, na kazini wiki kumi ni nyingi. Swali la kujiuliza si kama unatapika. Ni je, kutapika huko kumeanza kuacha alama kwenye rekodi zako?

Nilipokuwa utumishi ililetwa mezani kwangu barua ya onyo. Mfanyakazi mzuri, miaka mitatu hana doa, mwezi mmoja amechelewa mara tano na kuondoka mapema mara mbili. Msimamizi wake alikuwa ameandika "uzembe". Kwenye kikao cha kujieleza yule dada alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ana wiki 9. Msimamizi akashika kichwa. Lakini onyo lilikuwa limeshatoka, lina tarehe na sahihi, na kulifuta kulichukua vikao viwili na ugomvi mmoja. Angesema wiki mbili kabla, hata kwa sentensi moja, siku zilezile zingeandikwa ugonjwa.

Ukiona umechelewa mara mbili kwa sababu ya mimba, tarehe yako imefika. Usingoje ya tatu.

Vivyo hivyo kama unatapika kiasi cha kushindwa kushika hata maji, au umetokwa na damu, au daktari amekuambia upumzike. Hapo tena hakuna cha kuchagua.

Hatua ya 4: Isome sheria na mkataba, na usisomee ofisini

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kwanza wa kulinda uzazi mwaka 1919. Unaotumika kama kipimo leo ni Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000: likizo isiyopungua wiki 14, ambapo 6 ni za lazima baada ya kujifungua, na marufuku ya kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba. Mkataba huo unaweka pia jambo ambalo wengi hawalijui: ukifukuzwa ukiwa mjamzito, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ni nyingine. Si kila nchi imeuridhia, lakini roho yake utaikuta kwenye sheria nyingi za kazi.

Kinachotofautiana sana ni muda wa kutoa taarifa. Tanzania sheria inataka taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kenya inataka taarifa ya maandishi isiyopungua siku 7 kabla ya kuanza likizo, au muda mfupi zaidi ikiwa mazingira yanaruhusu. Uingereza mwisho ni wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua. Marekani, kwa likizo ya sheria ya shirikisho, ni siku 30 kabla inapowezekana, na si kila mfanyakazi ana haki ya likizo hiyo: lazima awe amemtumikia mwajiri miezi 12. Kwa mama wetu wa 10 Machi maana yake ni hii: kwenye sheria ya miezi 3, mwisho wake ni 17 Septemba, kwenye ile ya wiki 15, ni mwanzoni mwa Septemba, kwenye ile ya siku 7, angeweza kunyamaza mpaka tumbo limfikishe mlangoni kabla yake.

Andika tarehe ya mwisho ya nchi yako. Hiyo ni dari, usiipite. Kisha tafuta haya kwenye mkataba wako na kitabu cha kanuni za wafanyakazi: umetakiwa uwe umefanya kazi muda gani ndipo ulipwe likizo, nani analipa, mwajiri au mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwa kiwango gani, mfuko unataka fomu gani na lini, ruhusa ya kliniki inalipwa au inakatwa.

Haya yote yasome nyumbani, kwenye simu yako. Kompyuta ya ofisi ina watu wanaoiangalia. Na tafadhali usije utumishi ukauliza "kwa niaba ya rafiki yangu". Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na marafiki wale wote walijifungua salama.

Hatua ya 5: Weka kalenda ya kazi juu ya kalenda ya mimba

Je, kuna tathmini ya mwaka inakuja? Muda wa majaribio unaisha lini? Mkataba unahuishwa mwezi gani? Umeomba cheo?

Msimamo wangu hapa ni wa wazi, na kuna wenzangu wa utumishi wasioupenda. Kama wewe ni mzima, kazi haikuhatarishi, na majibu ya cheo au nyongeza yanatoka ndani ya wiki chache, subiri barua isainiwe. Hujamdanganya mtu. Wanapima kazi uliyoifanya mwaka uliopita, wakati huo mtoto hakuwepo. Bosi mwema kabisa, akishajua utaondoka miezi minne, anaanza kuwaza nani atashika nafasi yako, na mawazo hayo huingia kwenye alama bila yeye kujua. Nimekaa kwenye vikao vya tathmini. Hakuna aliyewahi kusema "tusimpandishe kwa sababu ana mimba". Wanasema "tungoje kidogo tuone".

Lakini kama minong'ono ya kupunguza watu imeanza, mimi ningefanya kinyume. Ningesema mapema, kwa maandishi, kabla majina hayajaandikwa. Mimba haizuii mtu kupunguzwa kazi kama upunguzaji ni wa kweli, ila ukiwa umetoa taarifa kwanza, anayekuweka kwenye orodha anajua atakuja kuulizwa. Ukisema baada ya orodha kutoka, jibu lake ni neno moja: "Sikujua."

Muda wa majaribio ni mgumu zaidi. Nchi nyingine ulinzi unaanza siku ya kwanza ya kazi, nyingine mwajiri ana mkono mrefu ndani ya miezi ile ya mwanzo. Rudi kwenye sheria yako kabla ya kuamua.

Na kama bado unatafuta kazi? Mkataba Na. 183 unataka nchi zikataze kumpima mimba mwombaji kazi au kumdai cheti, isipokuwa pale sheria inapomzuia mjamzito kufanya kazi hiyo au kazi yenyewe ina hatari inayojulikana. Mwaka 2001 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mwanamke aliyechukua kazi ya mkataba wa miezi sita akijua ana mimba, hakusema, akafukuzwa ilipojulikana kwamba sehemu kubwa ya muda hatakuwepo. Mahakama ilisema kumfukuza vile ni ubaguzi wa kijinsia, hata kama mkataba ulikuwa mfupi. Hiyo ni Ulaya. Kwingine kote ushauri wangu ni kutolileta suala hilo mezani mpaka una barua ya kazi mkononi. Ukiulizwa una mpango gani wa watoto, jibu kuhusu kazi: "Nipo tayari kuanza tarehe mliyoitaja." Uongo usiseme.

Hatua ya 6: Swali gumu

Madaktari wanakadiria kwamba katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, na nyingi ya hizo ni kabla ya wiki ya 12. Hapo ndipo ulipotoka ushauri wa kusubiri: ili ikitokea, usilazimike kwenda kuwaambia watu.

Mimba yangu ya pili ilitoka wiki ya 9. Kazini sikuwa nimemwambia mtu. Nilituma ujumbe nikasema nina homa, nikalala siku mbili, siku ya tatu nikarudi. Mchana kulikuwa na kikao cha bajeti. Nilikaa saa mbili na nusu kwenye kiti cha kitambaa cha kijivu, nimekunja sweta nimelikalia, naogopa kusimama. Mtu akaniuliza takwimu za robo ya pili nami nikazisoma. Bosi wangu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Angejua, angenifukuza nyumbani kwa maneno ya upole. Siri niliyoitunza ili inilinde ndiyo ilinikalisha pale.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mambo yakienda kombo, ningetaka mtu huyu ajue? Wapo watakaojibu hapana, kazini ndiko mahali pekee ambako wangependa kusiwe na mtu wa kuwapa pole, na wako sawa. Kama jibu lako ni ndiyo, hasa kama umewahi kupoteza mimba au daktari anakuangalia kwa karibu, basi wiki ya 12 haina maana kwako. Mwambie mmoja mapema, mwambie pia kwamba bado ni mapema. Mimba ya tatu nilimwambia bosi nikiwa na wiki 7, yeye peke yake.

Hatua ya 7: Nani atakutangulia kusema?

Hii ni fupi. Hesabu watu wanaojua. Kama miongoni mwao yupo anayefahamiana na yeyote wa kazini kwako, siri yako ina wiki moja, labda mbili. Kama umeweka picha mtandaoni, ina saa moja. Kama umeacha ghafla kunyanyua boksi au kwenda safari, watu wanahesabu. Bosi anayesikia kwa wengine hukasirika, na si kwa sababu ya mimba. Ni kwa sababu alikuwa wa mwisho kujua. Mwambie yeye kabla ya wenzako, hata yule mnayepokezana mizigo ya moyo.

Safari za kazi nazo ziangalie. Mashirika mengi ya ndege hayambebi mjamzito wa mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, na wenye mapacha huzuiwa mapema zaidi. Ukipangiwa safari ya Novemba nawe unajifungua 17 Desemba, wanaponunua tiketi ndiyo siku ya kusema.

Hatua ya 8: Chagua siku, useme

Sasa tazama karatasi yako. Mama wetu wa 10 Machi anafanya kazi ya meza, ni mzima, sheria yake inasema 17 Septemba. Tathmini yake inasainiwa 15 Juni. Dada yake anafahamiana na mhasibu wa ofisini, na familia itaambiwa 20 Juni. Tumbo litaanza kuonekana Julai. Tarehe inayotangulia ni 20 Juni, na barua yake ya tathmini itakuwa imetoka. Siku yake ni kati ya 16 na 19 Juni. Angekuwa mtaalamu wa mionzi, siku yake ingekuwa Aprili, na hayo mengine yote yasingekuwa na uzito.

Chagua asubuhi, katikati ya wiki. Ijumaa jioni utampa bosi siku mbili za kuwaza peke yake, na Jumatatu atakuja na maswali aliyojijibu mwenyewe. Usimdake koridoni. Mwombe dakika kumi na tano, ukiulizwa za nini sema "jambo langu binafsi linalohusu mipango ya kazi".

Ukishakaa, maneno yasizidi haya: "Nimekuja kukueleza kwamba mimi ni mjamzito. Natarajia kujifungua katikati ya Desemba. Afya yangu ni nzuri na kazi inaendelea kama kawaida. Tarehe za likizo nitakuletea kwa maandishi, na mpango wa nani ashike nini tutauzungumza ukikaribia muda." Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema. Wengi hapo ndipo wanapoanza kuomba radhi, kuahidi kwamba watajibu barua pepe wakiwa wodini, kutaja tarehe ya kurudi ambayo hata hawajaifikiria. Usianze na "samahani". Hujavunja kitu.

Anaweza kusema hongera, mkamaliza. Anaweza kuuliza, "Utarudi?" Jibu: "Ndiyo mpango wangu, na tarehe nitaileta kwa maandishi." Anaweza kuuliza, "Sasa mradi itakuwaje?" Hilo ni swali la haki, ila jibu lake si la siku hiyo: "Nipe wiki mbili nikuletee pendekezo." Akisema neno la ovyo, usibishane. Likumbuke lilivyo, ukitoka liandike.

Kama mwajiri wako ni mtu mmoja nyumbani kwake au dukani, huna utumishi wala barua ya kazi, mazungumzo ni yaleyale. Tofauti ni kwamba ujumbe wa simu utakaomtumia jioni ndio faili lako. Usiufute.

Hatua ya 9: Andika, siku hiyohiyo

Maneno ya mdomo hayana tarehe. Kabla ya kutoka kazini tuma barua pepe, nakala kwa utumishi, mfano huu:

"Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo asubuhi. Kama nilivyokueleza, mimi ni mjamzito na natarajia kujifungua 17 Desemba. Cheti cha daktari nimekiambatisha. Naomba tupitie majukumu yangu kuona kama kuna la kubadilisha kwa ajili ya usalama, na niruhusiwe kwenda kliniki kwa tarehe nitakazokuwa nakutumia. Tarehe za likizo ya uzazi nitazileta kwa maandishi ndani ya muda wa sheria. Kwa sasa naomba habari hii ibaki kati yako, mimi na idara ya utumishi."

Kuhusu kliniki, bosi asishtuke baadaye: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kuisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Utaona yamejazana mwishoni. Ukiyaweka kwenye kalenda ya timu mapema, hakuna atakayeona unatoroka.

Nakala ya barua pepe ihifadhi nje ya ofisi. Nimeona mtu akizuiwa kuingia kwenye akaunti ya kazi siku aliyoihitaji zaidi.

Kisha fungua daftari. Andika siku uliyosema, uliyemwambia, aliyekuwepo, alichojibu. Kama kuna jambo linabadilika baada ya hapo, wateja wako wamepewa mwingine, hualikwi tena kwenye kikao ulichokuwa unakiongoza, zamu zako zimesogezwa bila kuulizwa, andika tarehe na tukio, bila maoni. "24 Juni, nimeondolewa kwenye kikao cha Jumatano, sijaelezwa sababu" linabeba uzito mbele ya ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi kuliko kurasa tatu za uchungu. Likitokea la kwanza, uliza kwa barua pepe fupi yenye swali moja: sababu ni nini? Ikipita wiki bila jibu, itume tena kwa anwani zilezile, ukiiweka ile ya kwanza chini yake ili tarehe yake ionekane.